Mkataba uliosainiwa ng'ambo unaingiaje nyumbani kwako?



Ndugu msomaji, mama anayedamkia Feri kununua vibua na changu vya kwenda kukaanga Kariakoo hana sababu ya kuwaza juu ya mji wa Montego Bay, ulioko kisiwani Jamaika. Hata hivyo, ni katika mji huo, tarehe 10 Desemba 1982, ulikotiwa saini mkataba unaoamua nani ana haki juu ya samaki waliomo baharini kuanzia ufukweni kwetu hadi maili 200 za baharini. Vivyo hivyo, baba anayepokea barua ya posa ya binti yake huenda hajapata kusikia kwamba mwaka 2003, mjini Maputo, wakuu wa nchi za Afrika walipitisha itifaki inayotaja umri wa chini wa mwanamke kuolewa.

Mambo haya mawili yanaibua swali ambalo familia zetu hujiuliza mara kwa mara, hasa linapozuka gumzo la mikataba ya kimataifa: karatasi iliyosainiwa mbali, na watu tusiowajua, inapata wapi nguvu ya kutuamrisha hapa? Wapo wanaojibu kwamba ni amri ya wageni na hatuna la kufanya ila kuipokea. Wapo pia wanaosema ni karatasi tupu isiyomgusa mtu. Majibu yote mawili yamepotoka, na kila moja lina hasara yake. Anayeshika la kwanza hukata tamaa, na anayeshika la pili hushtukizwa. Katika safu ya leo tutazame, kwa uwezo wake Allah, sheria ya mataifa inatoka wapi na inaingiaje katika sheria za nchi yetu.

Dalili yako ni ipi?

Mwanafunzi wa madrasa hufundishwa mapema kwamba hukumu haitoki hewani. Ukimwambia jambo fulani ni wajibu, atakuuliza dalili, naye atakutajia asili nne: Kurani, Sunna, ijmai na kiyasi. Sheria ya mataifa ni kazi ya wanadamu na haina daraja hiyo, lakini nayo huulizwa swali hilohilo: anayedai kwamba taifa fulani lina haki au wajibu, dalili yake ni ipi?

Jibu limo katika ibara ya 38 ya hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague, Uholanzi. Hati hiyo iliambatanishwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945. Asili zinazotajwa humo ni mikataba baina ya mataifa. Desturi ambayo mataifa huifuata kwa kuiona kuwa ni sheria. Na kanuni za jumla za sheria zinazotambuliwa na mataifa. Baada ya hizo zinatajwa hukumu za mahakama na maandishi ya wanazuoni wa sheria, lakini hizo mbili ni msaada wa kuifahamu sheria, wala si chemchemi inakotoka.

Elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Imam Muhammad bin al-Hassan ash-Shaybani, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 189 Hijria, aliandika kwa upana juu ya siyar, yaani hukumu za uhusiano wa dola ya Kiislamu na mataifa mengine katika vita, amani, safari za wajumbe na mapatano. Mholanzi Hugo Grotius, ambaye wengi humtaja kuwa baba wa sheria ya mataifa, alichapisha kitabu chake juu ya vita na amani mwaka 1625, karne nane baadaye.

Nguvu ya ahadi, na mipaka yake

Asili ya kwanza ni mkataba, na msingi wake ni mmoja: aliyeahidi atimize. Hapa hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka wa 6 Hijria, pale Hudaybiyya, Mtume (S.A.W.) alikubaliana na Makuraishi kwamba mtu wao atakayekimbilia kwa Waislamu bila idhini ya walii wake atarudishwa. Kabla wino haujakauka, Abu Jandal, mtoto wa yule yule Suhayl bin Amr aliyekuwa akiwasemea Makuraishi, akafika akijikokota katika minyororo, akiomba hifadhi. Masahaba waliumia mno, lakini alirudishwa kwa sababu neno lilikuwa limekwisha kutolewa. Hilo linatufundisha kwamba ahadi hupimwa siku inapouma.

Lakini ahadi humfunga nani? Bandari ya Dar es Salaam, inayopakana na Feri, ina kisa chake katika jambo hili. Baada ya Ujerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilikabidhiwa Tanganyika kwa dhamana, na Ubelgiji ikakabidhiwa Ruanda-Urundi. Mwaka 1921 nchi hizo mbili zikaandikiana mkataba ulioipa Ubelgiji maeneo katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, yatumike kwa mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi. Kodi yake ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na muda wake ulikuwa wa milele. Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Hakuna mwenyeji wa Dar es Salaam aliyeulizwa.

Uhuru ulipokaribia, Tanganyika ilitakiwa kusema kama itairithi mikataba ya namna hiyo. Mwishoni mwa Novemba 1961, Waziri Mkuu Julius Nyerere alilieleza Bunge msimamo ambao wanasheria duniani wanaujua hadi leo kwa jina lake. Mikataba ya nchi mbili iliyofungwa na Uingereza kwa niaba ya Tanganyika ingeendelea kutumika kwa miaka miwili tangu siku ya uhuru, ili kila mmoja upimwe. Baada ya hapo ungekoma, isipokuwa pande mbili zikubaliane upya au desturi ya mataifa iuhifadhi. Siku ya uhuru yenyewe, tarehe 9 Desemba 1961, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliandikiwa kuarifiwa hivyo. Kuhusu Belbase, hoja ilikuwa wazi: mwenye dhamana ya muda hawezi kugawa mali ya yatima kwa milele. Kwa msimamo huohuo, mwaka 1962 Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya mwaka 1929 juu ya maji ya Nile hayaifungi.

Basi anayesema kwamba mikataba ni amri ya wageni na akumbuke kisa hiki. Nchi changa, isiyo na manowari wala utajiri, ilitumia sheria ya mataifa yenyewe kukataa kufungwa na neno ambalo haikulitamka.

Desturi nayo ni sheria

Asili ya pili ni desturi, na mfano wake mzuri ni hizo maili 200. Zamani mataifa makubwa yalishikilia kwamba ng'ambo ya ukanda mwembamba wa pwani, bahari ni ya wote. Maana yake halisi ilikuwa kwamba bahari ni ya mwenye meli kubwa. Chile na Peru zilidai maili 200 mwaka 1947. Hapa kwetu, mwaka 1973 Tanzania ilitangaza kwamba bahari yake inafika maili 50. Kwa upande wa Kenya, mwanasheria wa serikali Frank Njenga aliliwasilisha mjini Colombo, mwaka 1971, wazo la ukanda wa kiuchumi wa bahari: nchi ya pwani iwe na haki juu ya samaki na mali nyingine hadi maili 200, lakini meli za wengine ziendelee kupita kwa uhuru. Mwaka uliofuata Kenya ikalifikisha wazo hilo Umoja wa Mataifa.

Wazo la Mwafrika wa Mashariki likaenea, nchi moja baada ya nyingine ikalifuata, na hatimaye likaingizwa katika mkataba wa Montego Bay. Tanzania iliuridhia mkataba huo tarehe 30 Septemba 1985. Wenyewe ulikuwa haujaanza kutumika, na haukuanza hadi Novemba 1994. Lakini mwaka huohuo wa 1985, katika kesi ya Libya na Malta, mahakama ya The Hague ilikwisha kutamka kwamba ukanda wa kiuchumi umekuwa sehemu ya sheria kwa njia ya desturi. Mataifa yalikuwa yameutenda hadi ukawa sheria.

Barazani na ndani

Sasa tuje nyumbani. Mgeni akipiga hodi katika nyumba zetu za pwani, hukaribishwa kwanza barazani. Kukaa barazani hakumpi ruhusa ya kuingia hadi vyumbani. Ndani kuna wenyewe, na kuna adabu zake. Katika nchi yetu mkataba wa kimataifa hupokelewa kwa mtindo huo.

Serikali ikitia saini, imeonyesha nia tu. Kisha ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalipa Bunge kazi ya kuujadili mkataba na kuuridhia, pale ambapo mkataba wenyewe unataka kuridhiwa. Hapo ndipo nchi inapofungwa mbele ya mataifa mengine. Lakini hata baada ya kuridhiwa, mkataba ungali barazani. Ili umfunge mwananchi mmoja mmoja, na ili hakimu autumie kumhukumu mtu, Bunge hutunga sheria ya nchi yenye masharti yake. Mkataba wa bahari tuliuridhia mwaka 1985, na sheria ya kuuingiza ndani, iliyoweka maili 12 za bahari ya nchi na maili 200 za ukanda wa kiuchumi, ikatungwa mwaka 1989. Mkataba wa Haki za Mtoto tuliuridhia mwaka 1991, na Sheria ya Mtoto ikaja mwaka 2009.

Majirani zetu wa Kenya walichagua njia nyingine. Katiba yao ya mwaka 2010, katika ibara ya 2, inasema kwamba mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Mgeni wao akikubaliwa mlangoni, amekwisha kuwa mtu wa nyumbani.

Hii haina maana kwamba kwetu mkataba ulioko barazani hauna sauti. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji James Mwalusanya alisikiliza shauri la mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la baba yake, kisha akaliuza. Mila ya ukoo ilimnyima mwanamke haki ya kuuza, ingawa mwanamume aliweza. Jaji aliegemea haki ya usawa iliyomo katika Katiba, na ili kuonyesha uzito wa haki hiyo, akataja mikataba ambayo Tanzania iliikubali mbele ya mataifa. Mwanamke akashinda. Mkataba haukuwa hukumu yenyewe, bali ulikuwa taa ya kuisomea Katiba.

Samaki walioliwa, kesi iliyoanguka

Wengi wenu mnaikumbuka meli ya Tawariq 1. Mnamo Machi 2009, katika doria iliyofanywa kwa ushirikiano na nchi za kusini mwa Afrika, meli hiyo ya kigeni ilikamatwa katika ukanda wetu wa kiuchumi ikituhumiwa kuvua bila kibali. Ilikuwa na mabaharia zaidi ya 30 wa mataifa mbalimbali, na tumboni mwake mlikuwa na mamia ya tani za samaki, wengi wao jodari. Ililetwa bandarini Dar es Salaam. Samaki wale waligawiwa bure kwa taasisi, na kwa kuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi wakati huo alikuwa John Magufuli, watu wakawaita samaki wa Magufuli.

Haki ya Tanzania juu ya samaki hao haikuwa na shaka. Desturi ya mataifa iliitambua, mkataba uliiandika, na sheria ya mwaka 1989 ilikuwa imekwisha kuiingiza ndani. Februari 2012, Mahakama Kuu, ambayo jengo lake liko barabara ya Kivukoni, mwendo mfupi wa miguu kutoka sokoni Feri, iliwatia hatiani nahodha na wakala wa meli hiyo. Walitozwa faini ya mabilioni ya shilingi, au kifungo wakishindwa kulipa. Mitaani watu wakafurahi.

Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilibatilisha mwenendo mzima wa shauri hilo, na sababu yake haikuwa kwamba samaki si wetu. Sheria yetu wenyewe ya mwenendo wa mashauri ya jinai inataka asiye raia asishtakiwe kwa kosa lililotendwa katika bahari ya wazi, ndani ya maili 200 kutoka pwani yetu, mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka atoe idhini. Idhini hiyo haikupatikana kama sheria inavyotaka. Hatua moja ya ndani ilirukwa, na kesi yote ikaanguka. Baadaye shauri likaondolewa mahakamani. Samaki walikuwa wamekwisha kuliwa miaka mingi.

Kuna jambo jingine ambalo halikuzungumzwa sana barabarani. Ibara ya 73 ya mkataba wa bahari inaipa nchi ya pwani haki ya kukamata meli inayovunja sheria zake za uvuvi katika ukanda huo. Ibara hiyohiyo inaitaka iiachie meli na mabaharia wake upesi wakiweka dhamana ya kuridhisha, na inakataza adhabu ya kifungo kwa makosa ya uvuvi huko, ila kama nchi zinazohusika zimekubaliana vingine. Anayeipokea haki iliyomo katika ibara amepokea pia sharti lililofungamana nayo.

Guinea na meli ya Saiga

Tusidhani basi kwamba kufuata taratibu za ndani peke yake kunatosha. Oktoba 1997, Guinea, nchi ya Afrika Magharibi ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu, iliikamata meli ya mafuta iitwayo Saiga, yenye bendera ya Saint Vincent na Grenadines. Kosa lake, kwa mujibu wa Guinea, lilikuwa kuviuzia mafuta vyombo vya uvuvi katika ukanda wake wa kiuchumi bila kulipa ushuru wa forodha. Mahakama za Guinea zilimtia nahodha hatiani kwa sheria za Guinea.

Shauri likapelekwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari iliyoko Hamburg, Ujerumani, ambayo miongoni mwa majaji wake 21 wa kwanza alikuwamo Mtanzania, Joseph Warioba. Lilikuwa shauri la kwanza kabisa la mahakama hiyo. Desemba 1997 iliamuru meli na mabaharia waachiwe kwa dhamana. Tarehe 1 Julai 1999 ikatoa hukumu ya mwisho: mkataba unaipa nchi ya pwani mamlaka juu ya samaki na mali nyingine katika ukanda ule, lakini hauipi ruhusa ya kuufanya ukanda wote kuwa eneo la forodha. Guinea ikaamriwa kulipa fidia ya zaidi ya dola milioni 2 za Marekani. Kusema kwamba sheria za nyumbani ziliruhusu hakukuiokoa, kwa kuwa ni kanuni inayokubalika, iliyoandikwa pia katika mkataba wa Vienna wa mwaka 1969, kwamba taifa haliwezi kutoa sheria yake ya ndani kuwa udhuru wa kuvunja mkataba.

Tukiziweka kesi mbili pamoja, jambo linaonekana. Tanzania ilikuwa na haki mbele ya mataifa, ikakosea hatua ya ndani. Guinea ilizifuata sheria zake za ndani, lakini sheria hizo zilivuka mpaka uliowekwa na mataifa. Kila moja ilipita mlango mmoja ikaukosa wa pili, na zote zilirudi mikono mitupu.

Suala la posa

Sasa turudi kwa yule baba na barua ya posa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 13, iliweka umri wa chini wa kuoa kwa mwanamume kuwa miaka 18, na wa kuolewa kwa mwanamke kuwa miaka 15. Kifungu cha 17 kikataka aliye chini ya miaka 18 apate idhini ya mzazi. Upande wa pili, Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto na itifaki ile ya Maputo vinataja miaka 18 kwa wote, na Tanzania imeridhia vyote viwili.

Kwa miaka mingi mikataba hiyo ilikaa barazani, na sheria ya 1971 ikaendelea kutawala ndani. Kisha mwanaharakati Rebeca Gyumi akafungua shauri Mahakama Kuu. Tarehe 8 Julai 2016 mahakama ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba kwa kumtofautisha mtoto wa kike na wa kiume, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha sheria. Serikali ilikata rufaa. Miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba sheria ya 1971 ilikusudia kuzichukulia mila na dini za Watanzania, ukiwamo Uislamu. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliikataa rufaa hiyo, na katika hoja zake ikarejea pia mikataba ambayo nchi imeridhia. Muda uliowekwa ulipita huku sheria ikiwa bado haijabadilishwa.

Safu hii si mahali pa kukata shauri la baleghe na rushdi, kwani masheikh wetu wana darsa zao na hoja zao. Ninalotaka familia zilione ni njia yenyewe. Mkataba wa Maputo haukuruka kutoka Msumbiji ukaingia Kariakoo. Ulipita kwa wakuu wa nchi, ukapita Bungeni kwa kuridhiwa, ukafika mahakamani ukiwa shahidi wa Katiba. Kila kituo kilikuwa na mlango, na katika kila mlango palikuwa na nafasi ya kusema. Wangapi miongoni mwetu, wanaoafiki au wanaopinga, walijua siku ile Bunge liliporidhia?

Wenzetu wengine husema mapema. Oman ilipojiunga mwaka 2006 na mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, iliandika tahadhari kwamba haitafungwa na masharti yasiyoafikiana na Sharia ya Kiislamu. Tanzania iliuridhia mkataba huohuo mwaka 1985 bila tahadhari yoyote. Nani alifanya vyema zaidi, hilo lina wajadilianao. Lakini yote mawili ni maamuzi yaliyofanywa mlangoni, na mwenye maoni anatakiwa kuyatoa akiwa hapo. Akisubiri hadi mgeni amekwisha kukaa ndani, maoni yake yatakuwa malalamiko.

Wajibu wa familia

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utakaposikia kwamba mkataba fulani umesainiwa, usikimbilie hofu wala dharau. Uliza mambo matatu. Je, Bunge limeuridhia? Je, imetungwa sheria ya kuuingiza ndani? Na je, wanaoitekeleza sheria hiyo wanazifuata hatua zake? Muswada unapopelekwa kwenye kamati ya Bunge na wadau wakaitwa kutoa maoni, misikiti yetu, vyama vya akina mama na jumuiya za wazazi wasiache viti vyao vikiwa vitupu. Wavuvi na wachuuzi wa Feri nao wana la kusema juu ya bahari, kuliko wengi wanaoitungia sheria wakiwa nchi kavu.

Lipo pia la kufanya nyumbani kabla wiki hii haijaisha. Ibara ya 7 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inasema mtoto asajiliwe mara tu anapozaliwa, na awe na jina. Nchi imeridhia, sheria zipo, na ofisi ya RITA ipo. Hata hivyo wapo watoto wetu wanaofika umri wa shule, wengine umri wa kuposwa, bila cheti cha kuzaliwa. Siku litakapozuka suala la umri, iwe shuleni, kwenye hati ya kusafiria, kwenye mirathi au mbele ya msajili wa ndoa, neno la mzazi halitatosha. Kwa mtoto huyo mataifa yametimiza sehemu yao, na Bunge pia. Hatua iliyobaki ni ya baba na mama kwenda kumsajili.

Wabillahi tawfiq.